Mshale wa Yaeda na fremu ya bastola: vipuri vya mafundi tofauti hukubalianaje?

Ukipita kwenye video za wapenda bastola wa Marekani utaona jambo la ajabu kidogo. Mtu ananunua bastola ya kampuni moja, anaifungua mezani, anachukua mtutu, slaidi na springi zake, halafu anavipachika vyote kwenye fremu iliyotengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Fremu ndiyo mwili wa bastola: unaishika hapo, magazini inaingia hapo, kifyatulio kinakaa hapo, na juu yake kuna reli ambazo slaidi inateleza kila risasi inapotoka. Anayebadilisha fremu anataka mshiko unaolingana na kiganja chake, au uzito uliokaa anapotaka yeye. Anamaliza, anajaribu, na inafanya kazi.

Sasa jiulize: inawezekanaje? Viwanda viwili, mafundi wasiofahamiana, pengine nchi mbili tofauti, na bado kipande cha huyu kinaingia kwenye kipande cha yule kana kwamba vilizaliwa pamoja. Hilo ni swali la sayansi, na lina majibu mawili. Jibu la kwanza ni la kiwandani. La pili liko hapa hapa kwetu, Manyara, na kwa maoni yangu ndilo lenye utamu zaidi.

Tuanze na la kiwandani tulimalize. Vipuri vya bastola hukubaliana kwa sababu ya usahihi wa vipimo. Mchoro unasema reli iwe na unene fulani, na mashine inaruhusiwa kukosea kwa sehemu ndogo sana ya milimita, basi. Wazo lenyewe lina umri mrefu. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, akiwa balozi wa Marekani Ufaransa, alitembelea karakana ya fundi Honoré Blanc karibu na Paris. Blanc alimwekea vipande vya kufuli za bunduki vilivyochanganywa ovyo, Jefferson akaokota chochote kilichomjia mkononi, akaunganisha, vikakaa. Kabla ya hapo kila bunduki ilikuwa na vipuri vyake yenyewe, na skrubu ya hii haikuingia kwenye ile.

Kwa nini fremu inaweza hata kuwa ya plastiki? Risasi ya milimita 9 inapowaka, mgandamizo ndani ya chemba unaruhusiwa kufika megapaskali 235, yaani zaidi ya mara elfu mbili ya mgandamizo wa hewa unayovuta sasa hivi. Lakini mzigo huo unabebwa na mtutu na slaidi, ambavyo ni chuma. Fremu inaongoza tu na kupokea kishindo kinachobaki. Ndiyo maana Gaston Glock wa Austria aliweza kuleta bastola yenye fremu ya plastiki mwanzoni mwa miaka ya 1980 na jeshi la nchi yake likaikubali. Ila hapo hapo ndipo hatari ilipo. Kipande kisipokaa sawasawa, slaidi inaweza kukwama au risasi ikawaka kabla chemba haijafunga vizuri, na gesi ile inatafuta njia ya kutokea, mara nyingi usoni au kiganjani mwa aliyeshika. Wale wa vijijini mnaojua gobore mnaelewa ninachosema: bomba ambalo halikutengenezwa kuwa mtutu halitoi onyo kabla ya kupasuka. Na kwa vyovyote, Tanzania kumiliki silaha ya moto kunahitaji leseni chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo bastola si kitu cha kufungulia mezani kwa kujifurahisha.

Twende Mbulu.

Ukishuka kutoka Mbulu mjini kuelekea magharibi unaacha baridi na mashamba ya Wairaqw, unateremka hadi bonde la Yaeda. Huko, katika vijiji kama Mongo wa Mono na Domanga, wanaishi Wahadzabe, watu wachache, elfu moja na ushee hivi, ambao baadhi yao mpaka leo wanapata sehemu kubwa ya chakula chao porini: asali, mizizi, matunda, ubuyu na nyama. Lugha yao ina sauti za kubofya na haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Majirani zao ni Wadatoga, wafugaji, ambao kitovu cha tawi lao la Wabarabaig ni Hanang, chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. (Nje ya pale wengi huwaita Wamang'ati. Jina hilo walipewa na wengine, si wao waliojiita.)

Wahadzabe ni wawindaji wa upinde lakini kwa jadi si wahunzi. Wadatoga wanao wahunzi, tena ni ukoo maalum, Gidang'odiga, ambao kwa mila Wadatoga wengine hawaoani nao. Kwa hiyo mshale wa chuma wa Mhadzabe, mara nyingi, umetoka kwa mafundi wawili wa makabila mawili wasio na lugha moja ya nyumbani. Mhadzabe anatengeneza mti wa mshale. Mdatoga anafua kigumba, yaani ile ncha ya chuma. Malipo ni asali, nyama au ngozi. Kipuri cha fundi mwingine, kwenye fremu yako. Umeona tunakokwenda?

Fremu ya mshale ni ule mti wake. Ni mrefu, unakaribia mita moja. Mwindaji anakata fimbo, anaimenya, anaipasha moto, kisha anainyoosha kwa kuipinda kidogo kidogo, mara nyingi akiibana kwa meno huku jicho limefungwa moja kupima unyoofu. Moto unalainisha zile molekuli zinazoshikilia nyuzi za mti, zinateleza kidogo, zikipoa zinabaki pale zilipowekwa. Fundi seremala anayekunja mbao kwa mvuke anatumia kanuni ile ile. Nyuma kunachongwa pengo la kuingia kamba ya upinde, na manyoya ya ndege, mara nyingi ya kanga, yanafungwa hapo kwa uzi wa kano.

Na kigumba? Kuna cha kujifanyia mwenyewe: msumari mkubwa unagongwa kwa jiwe, bila moto, mpaka ubapazike. Msumari wa dukani ni chuma chenye kaboni kidogo sana, hivyo kuuchovya kwenye maji ukiwa mwekundu hakuufanyi kuwa mgumu kiasi cha maana. Lakini kuugonga ukiwa baridi kunaufanya. Ndani ya chuma, atomi zimejipanga kwa safu, na safu hizo zina kasoro zinazotembea kila unapogonga. Kadiri unavyogonga kasoro zinaongezeka, zinasongamana na kuzuiana kama daladala kwenye mataa mabovu, na chuma kinakataa kupinda tena. Kinakuwa kigumu. Ukizidisha, kinapasuka.

Mhunzi wa Kidatoga ana njia nyingine, ana mkaa na mifuo ya ngozi ya mbuzi. Malighafi yake ni skrepa. Kufuli bovu au koki ya bomba ni shaba nyeupe, inayeyuka kwenye nyuzijoto 900 na kitu, kwa hiyo anaweza kuimimina iwe bangili. Aluminiamu ya sufuria ni rahisi zaidi, 660. Chuma kinahitaji 1,538, na mkaa wa mifuo haufiki huko kirahisi. Hivyo bangili anaimwaga, kigumba anakifua. Akikipasha kikawa chekundu, zile kasoro zinajipanga upya na chuma kinakuwa laini tena, anagonga, kikianza kukaza anakirudisha motoni. Hilo ndilo linalomwezesha kutoa umbo ambalo jiwe na msumari baridi haviwezi: jani pana lenye makali pande zote mbili, au ncha nyembamba yenye miiba inayoelekea nyuma, na mkia mrefu wa kuingia kwenye mti.

Hapa ndipo panapohitaji kutulia. Mhunzi hana kalipa. Mkia wa kigumba cha leo si unene wa cha jana. Mwindaji naye hajampelekea vipimo vya mti wake. Kwa hesabu za kiwandani vipande hivi havipaswi kukubaliana kabisa. Vinakubaliana kwa sababu ya kitu cha tatu, ambacho ni kano ya mnyama.

Kano ni nyuzi za kolajeni. Ikiloa inakuwa laini na inanyumbulika, unaizungusha pale mkia wa chuma unapoingia kwenye mti, raundi kwa raundi, inajaza kila pengo. Ikikauka inasinyaa na kukaza. Haijali mkia ni mnene au mwembamba, wa mviringo au wa pembe. Yaani kazi yote ya usahihi, ambayo kiwanda cha bastola kinaifanya kwenye mashine kabla vipande havijakutana, hapa inafanywa na kiungo chenyewe baada ya kukutana. Hilo ndilo jibu la pili nililoahidi. Vipuri vya mafundi tofauti hukubaliana ama kwa sababu vimepimwa kwa ukali, ama kwa sababu kilichopo katikati kinasamehe.

Na kiungo kinachosamehe kina faida ambayo reli za bastola hazina: mti ukivunjika, unakata kano, unachukua kigumba chako, unakifunga kwenye mti mpya siku hiyo hiyo. Kwenye nchi ambayo miti imejaa na chuma ni cha kutafuta, huo ni mpango wenye akili. Udhaifu wake upo pia. Kano ikilowa tena, inalegea. Mvua ni adui.

Lakini usifikiri unaweza kupachika kigumba chochote ukaendelea kama kawaida. Mabadiliko ya sehemu moja yanaitikiwa na mshale mzima. Kwanza, mizani. Ili mshale uruke ukitanguliza ncha, kitovu cha uzito wake kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa. Kigumba kinavuta cha kwanza mbele, manyoya yanavuta cha pili nyuma. Kigumba kizito kinasaidia utulivu lakini mshale unainama mapema. Pili, na hili wengi hawalijui, mshale hautoki kwenye upinde ukiwa umenyooka. Kamba inasukuma nyuma, kigumba mbele kinasitasita kwa uzito wake, mti unapinda katikati, unauzunguka upinde kama nyoka anayekwepa jiwe, kisha unatetemeka mpaka unatulia hewani. Mti ukiwa laini mno kwa upinde ule, unapinda kupita kiasi na mshale unakwenda pembeni. Ukiwa mgumu mno, hauuzunguki upinde vizuri, unakwenda pembeni upande mwingine. Ukiongeza uzito mbele, mti ule ule unafanya kana kwamba umelainika. Kwa hiyo anayebadilisha kigumba kuwa kizito zaidi anahitaji mti mnene kidogo, na mwindaji anaujua unene huo kwa vidole tu.

Upinde wenyewe si wa mchezo. Mtafiti Frank Marlowe, aliyeishi miaka mingi akiwachunguza Wahadzabe, alikuta kuvuta upinde kunahitaji nguvu ya wastani wa takriban kilo 31. Chukua ndoo ya lita 20 na galoni la lita 10, vyote vimejaa maji, uvinyanyue kwa vidole vitatu, ndiyo hiyo. Tufanye hesabu ya makadirio. Kilo 31 ni kama nyutoni 300. Tuseme kamba inavutwa sentimita 60 na nguvu inapanda taratibu kutoka sifuri: nishati iliyohifadhiwa ni nusu ya 300 mara 0.6, sawa na juli 90. Tuseme nusu yake inaingia kwenye mshale wa gramu 50. Unapata mwendo wa kama mita 42 kwa sekunde.

Risasi ya milimita 9 ina kama gramu 8 na mwendo wa kama mita 350 kwa sekunde. Nishati yake ni juli 490, mara kumi na zaidi ya mshale wetu wenye juli 45. Umekata tamaa? Ngoja. Sasa pima momenta, yaani uzito mara mwendo. Risasi: 2.8. Mshale: 2.1. Kumbe wako jirani! Mshale ni mzito na wa polepole, una mti mrefu unaousukuma kutoka nyuma, na unapita kwa kukata. Ndiyo maana juli 45 zenye makali zinamtosha mnyama ambaye kwa kuangalia nishati peke yake ungesema hazimtoshi.

Ndani ya mishale ya Mhadzabe, basi, kuna "mabadiliko" yaliyokwisha fanywa kwa kila kazi. Mshale wa mti mtupu uliochongwa ncha ni wa ndege na wanyama wadogo. Wenye jani pana la chuma unakata mishipa ya damu. Na ule mwembamba wenye miiba hautegemei kukata sana, wenyewe ni gari la kubebea sumu. Sumu inapakwa nyuma ya ncha, inazungushiwa ukanda wa ngozi mpaka wakati wa kutumia. Miiba kazi yake ni kuzuia kigumba kisitoke.

Sumu hizo zinatoka kwenye mimea miwili: Adenium, ile ambayo mjini mnaiuza kwenye vyungu kama waridi la jangwani, na Strophanthus eminii. Zote zina kemikali za jamii moja, glikosaidi za moyo. Kila seli yako ina pampu ndogo inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Glikosaidi inaikwamisha pampu hiyo. Sodiamu inarundikana, kalsiamu inafuata, moyo unabana kwa nguvu, halafu mdundo unavurugika na kusimama. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, aliionja kwa bahati mbaya alipokuwa na Livingstone kwenye safari ya Zambezi: sumu ya mishale iligusa mswaki wake, akaona mapigo yake ya moyo yamebadilika. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza, ikaja kuwa dawa ya moyo. Jens Skou wa Denmark, aliyegundua pampu yenyewe mwaka 1957, alitumia glikosaidi ya aina hii kuithibitisha, na mwaka 1997 akapata Nobeli ya kemia. Dawa na sumu hapa zinatofautiana kwa kipimo kidogo mno, kwa hiyo lile ua la kwenye chungu liweke mbali na watoto na mbuzi.

Turudi kwenye fremu kwa swali moja lililobaki: kwenye silaha ya kuunganisha vipande, kipande gani ndicho silaha yenyewe? Sheria ya Marekani inachagua kipande kimoja, kwa kawaida fremu, kinapigwa namba na hicho ndicho kinachohesabika kuwa bastola. Vingine ni vipuri tu. Kampuni ya SIG Sauer ilifanya ujanja kwenye P320: namba iko kwenye kiini kidogo cha kifyatulio, na fremu ya nje inabadilishwa kama kava la simu.

Wahadzabe wana jibu lao, na limeandikwa na James Woodburn aliyeanza kukaa nao mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanaume wana mchezo wa kamari, lukuchuko, unaochezwa kwa kurusha vipande vya maganda ya mti kwenye shina. Kinachowekwa dau ni mishale ya chuma, sumu, visu, nguo, asali. Vitu vitatu havichezewi: upinde wa mtu, mishale yake isiyo na sumu, na mfuko wake wa ngozi. Hivyo ndivyo vyake, kwani anaweza kuvitengeneza popote na bila hivyo halali na kitu tumboni. Kilichotoka kwa mhunzi kinazunguka. Woodburn aliona kwamba mchezo huo unasambaza vitu adimu kutoka kambi iliyo karibu na vinakopatikana hadi zilizo mbali, bila duka na bila mtu mmoja kurundika. Leo umeshinda vigumba vitano, kesho huna. Kwangu mimi huo ni mfumo wa ugavi wa vipuri, na umewazidi wengi.

Mfumo huo unahitaji wanyama wakubwa, wahunzi, na nafasi katikati. Nafasi ndiyo inayopungua. Mashamba yanashuka kutoka nyanda za juu, mifugo inaingia kutafuta maji na malisho, na wanyama wanasogea. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi ya pamoja, zaidi ya hekta 20,000, jambo ambalo kwa wawindaji wasiolima wala kujenga nyumba za kudumu lilikuwa jipya nchini. Tangu hapo msitu wao pia unaingiza fedha za hewa ukaa, na sehemu ya fedha hizo inalipa walinzi wa kijiji. Upande wa Mangola, wilaya ya Karatu, watalii wanaonyeshwa mshale huo huo asubuhi na kigumba cha mhunzi wa Kidatoga mchana. Lakini mwindaji anayerudi na kanga na pimbi hahitaji kigumba cha sumu, na mhunzi asiyeletewa nyama wala asali ana bangili za kumwaga.